Trekta ni Massey, injini ni ya nani?

WAKULIMA wengi wanaponunua trekta lililotumika hutazama kwanza rangi ya boneti. Likiwa jekundu na limeandikwa Massey Ferguson, mazungumzo ya bei huanza hapo hapo. Wachache huuliza injini ni ya kampuni gani, ingawa jibu la swali hilo ndilo litakaloamua vipuri vitapatikana wapi na kwa bei gani.

Mwaka 1953 Massey-Harris ya Canada iliungana na kampuni ya Harry Ferguson ya Uingereza, ambayo matrekta yake yalikuwa yakifungwa injini za Standard. Mwaka 1959 kampuni hiyo mpya ikainunua Perkins, watengenezaji wa injini za dizeli wa Peterborough. Ndiyo maana MF 35 za dizeli ziko za aina mbili: za silinda nne za Standard na za silinda tatu za Perkins. Boneti ni ile ile, lakini pistoni na gasketi haziingiliani.

Kununua kampuni nyingine humpa mtengenezaji jina linaloaminika, mawakala na wateja kwa mara moja. AGCO ya Marekani, iliyoanza mwaka 1990, ilikua kwa njia hiyo. Iliinunua Massey Ferguson mwaka 1994, kisha Fendt ya Ujerumani mwaka 1997.

Hata hivyo, Perkins haikuwamo katika ununuzi wa Massey. Mwaka 1998 ilichukuliwa na Caterpillar, ambayo wakati huo ilikuwa na matrekta yake ya Challenger. AGCO ikajikuta inanunua injini kwa mshindani wake.

Kubuni injini mpya ni gharama kubwa, hasa tangu Ulaya na Marekani zilipoanza kuweka sheria za moshi wa mashine za shambani katika miaka ya 1990. Gharama hiyo hurudi tu iwapo injini zinauzwa kwa wingi. Perkins huuza zake pia kwa watengenezaji wa jenereta na mashine za ujenzi. AGCO ilipata injini zake yenyewe mwaka 2004, iliponunua Valtra ya Finland pamoja na kiwanda cha injini cha Sisu. Leo kiwanda hicho kinaitwa AGCO Power, na injini zake zimo katika matrekta mengi makubwa ya Massey.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, soma kibati kilichopo kwenye injini na uandike aina na namba yake. Nenda nayo kwenye duka la vipuri, uulize bei ya ringi, gasketi na pampu ya dizeli. Kama muuzaji hajawahi kuiona, fikiria upya. Nawe mwenye duka, panga stoo yako kwa aina ya injini, kwa kuwa jina la trekta peke yake halitoshi kumhudumia mteja.