Zamu ya Saa Mbili

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema ya kwamba mfanyakazi wa Tanzania asifanyishwe kazi ya kawaida kupita saa 45 kwa juma, wala saa 9 kwa siku, wala siku 6 kwa juma. Akizidishiwa, kila saa ya ziada yalipwa moja na nusu. Hayo ni mema, na waliotangulia waliyapigania. Lakini sheria hiyo, iliyotaja kwa uangalifu saa asizopaswa mtu kuzizidi, haikutaja saa asizopaswa kupunguziwa. Tunacho kima cha chini cha mshahara. Kima cha chini cha saa hatuna. Na katika pengo hilo ndimo umeota mtindo wa zamu fupi katika maduka, ambao leo hatuna budi kuusema waziwazi.

Tumtwae kijana mmoja wa Pasiansi, muuzaji katika duka kubwa la mjini, ambaye wasomaji wetu wa njia ya Uwanja wa Ndege watamtambua bila kutajiwa jina. Alipoajiriwa hakuambiwa atafanya kazi saa ngapi. Aliambiwa tu, “Acha namba ya simu.” Tangu hapo kila asubuhi aamka, apiga pasi sare yake, kisha akaa akiitazama simu. Ujumbe waja: njoo saa nne. Afika, apanga bidhaa, ahudumia wateja, na saa sita, duka likiwa limepoa, msimamizi amwambia aende zake. Saa tisa waja ujumbe wa pili: rudi saa kumi na moja, watu wametoka kazini. Afanya saa mbili nyingine, arudi nyumbani gizani. Tangu alipotoka kwake hata aliporudi kutwa nzima imekwisha, na daftari la mwenye duka laonyesha saa nne.

Zile saa nyingine zilikuwa za nani? Hakuweza kwenda mwaloni Kirumba kutafuta riziki ya dagaa, maana angeitwa asionekane, na asiyeonekana mara mbili haitwi tena. Hakuweza kumsaidia mama yake bustanini wala kuingia darasa la jioni. Alikuwa akingoja, na aliyekuwa akimngojesha ni mwajiri wake. Twasema basi ya kwamba saa hizo zilitumika kwa faida ya duka, nazo hazikulipwa hata senti moja.

Natufanye hesabu, maana mambo ya mkate yataka hesabu. Amri ya Mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini katika biashara kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Saa 45 kwa juma ni kama saa 195 kwa mwezi. Basi saa moja haikufika shilingi 770. Aliyeitwa kwa saa mbili alipata shilingi 1,540 kasoro kidogo. Tuseme daladala ni shilingi 600 kwenda na 600 kurudi: amebakiwa na shilingi 340 zisizotimia, na hapo hajanywa chai. Akiitwa mara mbili kwa siku, kama kijana wetu, alipa nauli mara nne. Amefanya kazi ya shilingi 3,080, amewapa wenye magari 2,400.

Ni kweli kuanzia Januari 2026 viwango vya sekta ya watu binafsi vilipandishwa kwa wastani wa asilimia 33.4, nasi tuliifurahia habari hiyo. Lakini mwenye duka aliyetakiwa kulipa zaidi kwa saa anaweza kupunguza saa, na jioni mfuko wa mfanyakazi ukawa vilevile. Nyongeza humfikia kamili yule aliyepewa saa kamili. Kadhalika akiba ya uzeeni. Michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii hukatwa katika mshahara, na pensheni yataka michango ya miezi 180. Mwenye mshahara wa vipande huweka akiba ya vipande, ikiwa jina lake lapelekwa huko kabisa.

Wenye maduka wanazo hoja zao, nasi hatutaki kuzificha. Wasema wateja huja kwa mafungu: jioni, mwisho wa mwezi, siku za sikukuu. Wasema hawawezi kumlipa mtu asimame akihesabu nzi. Hoja hiyo ina ukweli kwa mama mwenye kibanda Pasiansi, ambaye yeye na binti yake ndio wauzaji na ndio wenye mali. Huyo si wa kusemwa hapa. Lakini mwenye duka kubwa huijua tarehe ya mishahara mwaka mzima. Anajua Idi na Krismasi zitakuja, anajua shule zitafunguliwa. Huagiza sukari na mafuta majuma kabla, tena hulipa kodi ya chumba chake hata siku asiyoingia mteja. Iweje hasara ya saa zisizo na wateja imwangukie yule tu asiye na kitu ila mikono yake?

Tuliosoma shule za misheni twakumbuka mfano wa Injili wa mwenye shamba la mizabibu, aliyekwenda sokoni hata saa ya kumi na moja akawakuta watu wamesimama kutwa bila kazi. Aliwatia shambani, na jioni akawapa dinari nzima kama waliotangulia. Wahubiri wana maelezo yao juu ya mfano huo, nasi hatushindani nao. Sisi twaona tu ya kwamba mwenye shamba yule alijua tumbo la aliyengoja kutwa ni sawa na tumbo la aliyelima kutwa. Wenye maduka wetu nao huita watu saa ya kumi na moja, lakini hulipa saa moja.

Jambo hili si geni katika nchi yetu, ijapokuwa limevaa nguo mpya. Neno lenyewe kibarua latokana na barua, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa kuwa ushahidi wa kazi yake. Katika mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni palikuwa na kipande cha siku 30: hukuzitimiza, hukulipwa. Bandarini Dar es Salaam watu walisimama langoni kila asubuhi wakingoja kuchaguliwa, na mgomo wa wapakizi wa mwaka 1947 ulikuwa mkubwa hata ukapanda na reli kuingia bara. Vyama vya wafanyakazi vilipoungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu wake, kazi ya kuokotwa langoni ilikuwa miongoni mwa mambo ambayo watu walikuwa wameyachoka. Tena kipande kile, pamoja na ubaya wake wote, kilihesabu siku. Simu hii yahesabu dakika.

Sasa twageukia mfanyakazi, maana lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Mwenye duka humwambia, “Wewe si mwajiriwa, wewe waja ukiitwa tu.” Si kweli. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61 yataja mambo kadhaa ambayo likiwapo hata moja tu, mtu huhesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Moja ni kwamba saa zake za kazi zaamuliwa na mwingine. Jingine ni kwamba amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Angalieni: saa 45 kwa mwezi, si kwa juma. Saa mbili kwa siku, siku 23, ni saa 46. Na ule ujumbe wa simu usemao njoo saa nne, rudi saa kumi na moja, ndio ushahidi wenyewe ya kwamba saa za mtu huyu zaamriwa na mwingine. Mwenye duka amejiandikia shtaka kwa kidole chake.

Akiisha kuhesabiwa mwajiriwa, anazo haki. Sheria ya Ajira yataka apewe kwa maandishi maelezo ya kazi yake, na saa za kazi zimo. Yataka apumzike saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Mapumziko hayo yaweza kupunguzwa hadi saa 8 ikiwa yapo makubaliano ya maandishi na kazi ya siku ina mwanya wa saa tatu au zaidi katikati. Basi aliyefunga duka saa tatu usiku na kuitwa saa moja asubuhi, bila kutia sahihi popote, amevunjiwa sheria. Kila saa baada ya saa mbili usiku yaongezwa asilimia 5. Jambo moja ni baya nalo lafaa lijulikane: asiyetimiza miezi 6 kwa mwajiri yule hakingwi na vifungu vya kuachishwa kazi isivyo haki. Ndiyo maana wako waajiri wapendao kubadili sura za wauzaji kabla ya mwezi wa sita.

Lakini hata haki hizi zote zikitimizwa, mtu aweza kuitwa kwa saa mbili na kulipwa saa mbili. Hapo sheria yetu imenyamaza, na wengine hawakunyamaza. Afrika Kusini, kwa Sheria ya Masharti ya Msingi ya Ajira iliyorekebishwa mwaka 2018, mfanyakazi wa kipato cha chini akifanya kazi pungufu ya saa nne siku yoyote hulipwa saa nne. Ireland kwa sheria yake ya mwaka 2018 imewazuia waajiri, isipokuwa katika hali chache, kumfunga mtu kwa mkataba usio na saa hata moja, na aliyetakiwa awe tayari kisha akakosa kazi hulipwa fidia. New Zealand ilitangulia mwaka 2016: asiyehakikishiwa malipo ya kungoja hawezi kulazimishwa kungoja. Maduka ya nchi hizo hayakufungwa, na supamaketi za Johannesburg zingali zauza.

Twataka basi Serikali ilete Bungeni marekebisho ya Sheria ya Ajira: anayeitwa kazini, hata kwa nusu saa, alipwe saa nne, orodha ya zamu ibandikwe dukani juma moja kabla, na atakayeibadili baada ya hapo alipe, tena muuzaji mpya asiajiriwe huku wa zamani wanalilia saa. Wabunge wa Mwanza wanachaguliwa na watu hawa hawa, na nyundo iliyo katika bendera ya Chama si pambo.

Kabla ya hapo matawi ya Pasiansi, Kirumba na Nyamanoro yawakutanishe wauzaji na viongozi wa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara. Wasingoje wawe wengi. Sheria inawapa mwakilishi hata wakiwa wanachama chini ya kumi katika duka. Nao wauzaji wasifute ujumbe wa simu. Kila mmoja anunue daftari, aandike saa aliyoitwa, saa aliyofika na saa aliyoambiwa aende. Madai ya malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 60, na ya kuachishwa kazi katika siku 30. Daftari lisiloanzwa leo halitakuwa na kitu siku hiyo ikifika.