Kukariri madesa ya usaili wa jeshi? Hapo unajichongea mwenyewe

Zamani kidogo kule India, kijana mmoja mwenye ndoto ya kuwa rubani alifunga safari hadi Dehradun kwenye usaili wa maofisa wa jeshi la anga. Watu 25, nafasi 8. Yeye akashika namba 9! Iliuma. Baadaye alisimulia kwamba pale haiba ilitazamwa zaidi kuliko akili za darasani. Mwaka 2002 jamaa huyo huyo akaapishwa kuwa rais wa nchi na amiri jeshi mkuu.

Usaili wa namna hiyo bado unawatoa vijana wa India jasho. Ni siku tano, na vipimo vya saikolojia ndivyo vinavyoogopwa. Mtahiniwa anaonyeshwa picha kwa sekunde 30, anapewa dakika 4 aandike kisa. Picha ni 11, na ya 12 ni nyeupe tupu, ajaze mwenyewe. Yanafuata maneno 60, kila moja sekunde 15, aandike wazo la kwanza linalomjia. Kisha matukio 60 ndani ya dakika 30. Mwisho anaeleza wazazi, walimu na marafiki wanamwonaje, na yeye anajionaje.

Hapo ndipo madesa ya tuisheni yanapoingia. Kijana anakariri visa kumi vya shujaa anayeokoa kijiji kizima peke yake. Ikitoka picha ya bibi amekaa kimya dirishani, basi bibi wa watu naye anageuzwa kamanda! Likija neno "kushindwa", anaandika msemo ule ule wa kwenye desa, sawa na jirani yake wa kulia na wa kushoto.

Tatizo ni kwamba wanaompima ni watu watatu. Mwanasaikolojia anasoma karatasi. Afisa wa usaili anamhoji ana kwa ana. Mwingine anamtazama uwanjani akifanya kazi na wenzake. Siku ya tano wanakutana na kulinganisha. Karatasi inasema "kiongozi wa kuzaliwa", uwanjani kijana hajafungua mdomo, na alipoulizwa ni lini mara ya mwisho alipanga jambo lolote nyumbani, akapata kigugumizi. Nani ataaminiwa?

Hii haimaanishi mtu aende kichwa kichwa. Mazoezi ya kuandika haraka yanasaidia sana, maana dakika 4 ni chache. Lakini maandalizi yenyewe yanaanzia nyumbani: kumuuliza mama bila kona, "Mimi nina kasoro gani?" na kukubali jibu. Kuongoza timu ya mtaani, kusimamia shughuli ya familia, kukosea na kurekebisha. Huyo hahitaji desa, visa anavyo.

Ukali wa vipimo hivi una sababu. Ofisa atakabidhiwa roho za watoto wa watu. Anayejificha nyuma ya majibu ya kununua, siku risasi zinalia atajificha nyuma ya nani?

Na anayekosa akiwa mkweli, bado anarudi nyumbani na nafsi yake. Yule wa namba 9 hakupungukiwa kitu.

Wadau mnasemaje, haiba inafundishika tuisheni? Tupieni maoni yenu hapo chini.