Kabla hujazamisha nyambizi mita 230, skiza hii

Wasee, tusidanganyane. Sisi wa Kitui na Makueni bahari tunaionanga tukienda Mombasa. Huku maji tunachimba kwa mchanga wa mto. Lakini nipe laptopu kuukuu na Silent Hunter III, ile gemu ya 2005, na mimi ni nahodha kamili.

Sasa kuna ubishi kati yangu na binamu yangu, yeye akiwa ng'ambo ya Athi, upande wa Makueni. Yeye husema meli za adui zikikuskia, zama mpaka mwisho, mita 230 na zaidi. Mimi nasema 150, basi. Ananiita muoga.

Hesabu ni hii. Kila mita 10 za maji zinaongeza uzito wa karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Ukiwa mita 150, eneo la mita moja ya mraba limebeba tani 150. Ni kweli kuzama kunasaidia: bomu linachukua muda mrefu kukufikia, na huo muda unageuza usukani na kuhepa. Lakini bomu likikugusa, chuma kinalegea, na ile mita 230 uliyokuwa unaringa nayo inakuwa kaburi. Ukibakisha nafasi chini yako, bado una pa kukimbilia. Binamu yangu hana. Ndio maana kila wikendi anaanza upya.

Nilidhani ubishi unaishia hapo, mpaka niliposoma kuhusu Khedive Ismail.

Tarehe 12 Februari 1944, meli hiyo ilikuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo. Karibu na Maldives, nyambizi ya Japani, I-27, iliipiga kwa topido. Ilizama kwa kama dakika mbili. Watu 1,297 walikufa, na mamia kati yao walikuwa wanajeshi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Sasa sehemu iliyoninyamazisha: I-27 haikutegemea kina peke yake. Ilijificha chini ya watu waliokuwa wakiogelea. Manowari mbili za Uingereza, Petard na Paladin, ziliangusha mabomu hapo hapo, katikati ya manusura, ili kuitoa. Ilitoka, ikazamishwa. Ni watu 200 na kitu tu waliookolewa.

Kwa gemu, juu yako huwa kuna sauti tu ya injini. Hakuna mtu anayeogelea. Hakuna mzee wa hapa nyumbani anayesubiri barua ya kijana wake.

Sisemi tuache kucheza. Mimi leo usiku nacheza, stima ikikubali. Nasema tu kina sio sifa. Nahodha mzuri ni yule anayerudi bandarini, na anayejua kwamba vita hivi vilibeba watu wetu, sio Wajerumani na Waingereza pekee. Shuleni nilifunzwa vita hivyo kama habari ya Ulaya, na hiyo meli sikuwahi kuiskia ikitajwa.

Kwa hivyo nauliza: wewe huishia mita ngapi? Na kwenu, kuna babu aliyeenda vitani hakurudi? Muulize nyanya leo, kabla hujawasha gemu.