Udugu Ndio Uchaguao Makao

Wako wapangaji wa mambo wanaodhani kwamba mkimbizi atakaa pale tu karatasi ya ofisi inapomwelekeza. Historia ya Waethiopia katika jimbo la California, nchini Marekani, yatufundisha vingine.

Baada ya mapinduzi ya 1974 na mauaji ya Ugaidi Mwekundu ya 1977 na 1978, maelfu ya watu waliikimbia Ethiopia. Sheria ya wakimbizi ya Marekani ya 1980 iliwapanulia wengi wao mlango, na mashirika ya misaada yakawagawa katika miji mbalimbali. Hata hivyo, si wachache waliohama tena kwa hiari yao, wakawafuata ndugu na marafiki waliokwisha kufika Los Angeles, Oakland, San Jose na San Diego. Aliyetangulia ndiye aliyejua chumba cha kupanga, kazi isiyodai Kiingereza kingi, na mahali pa kuabudia.

Katika barabara ya Fairfax, mjini Los Angeles, mikahawa ya injera na maduka ya viungo yalikwisha kuota mizizi ndipo halmashauri ya jiji ilipolipa eneo hilo, mwaka 2002, jina rasmi la Little Ethiopia, yaani Ethiopia Ndogo. Halmashauri iliutambua mtaa ambao wahamiaji walikwisha kuujenga kwa jasho lao.

Basi kila mtumishi wa umma aliyekabidhiwa kazi ya kupanga makao ya watu, kabla ya kuchora ramani, hana budi kuuliza: ndugu zao wako wapi? Mpango usiojali udugu huishia katika jalada, na gharama yake humwangukia mnyonge, ambaye hulazimika kuhama mara mbili.