Marehemu wawili wa Thornton Heath

Mwaka 1981 kijana mzungu aliuawa na kundi la vijana weusi huko Thornton Heath, kusini mwa London. Mwaka 1992, katika kitongoji hichohicho, mkimbizi kutoka Afghanistan alipigwa na genge la vijana wazungu hadi akafa. Kila upande umezoea kumlilia marehemu wake tu.

Serikali nayo ilichelewa kuuelewa ubaguzi wa rangi. Baada ya ghasia za Brixton, mtaa mwingine wa kusini mwa London, ripoti ya Lord Scarman ya Novemba 1981 ilikataa kwamba ubaguzi umejikita ndani ya taasisi za Uingereza. Polisi wa London hawakuambiwa waziwazi kwamba ubaguzi huo umo ndani yao hadi 1999, katika ripoti ya Sir William Macpherson kuhusu mauaji ya kijana mweusi Stephen Lawrence ya 1993. Ripoti hiyo ilitaka tukio liandikwe kuwa la kibaguzi pale mwathirika, au mtu mwingine yeyote, anapoliona hivyo. Haikuuliza rangi ya mwathirika, na kwetu huo ndio ubora wake.

Ndugu zetu wa Afrika Mashariki walioko huko wasinyamaze wakitukanwa ndani ya basi. Waripoti, na askari akisita kuandika kwamba tukio ni la kibaguzi, wadai namba ya kumbukumbu.