"Bei Njoo DM": Mastaa Wanavyojifukuzia Wateja

Kuna dada mmoja wa filamu hapa mjini, jina kapuni, kazindua duka lake la mawigi mtandaoni. Picha kali, taa za studio, tovuti katengenezewa na fundi wa maana, na wafuasi alionao sio wa kuokoteza. Mteja mmoja kaingia kwenye hiyo tovuti akijua kabisa leo anaondoka na wigi. Kashusha ukurasa mpaka chini, kakuta kitufe kimoja cha pinki kimeandikwa: "Karibu kwenye familia yetu."

Kabonyeza. Kikampeleka Instagram. Kule, chini ya wigi lile lile: "Bei njoo DM mpenzi." Kaenda DM. Kimya siku mbili. Siku ya tatu kikaja kimoyo chekundu, basi. Mwenzake kashajipatia wigi Kariakoo, tena na kofia ya kulalia juu.

Ukisoma komenti za posti ile utacheka. "Bei?" "Bei dada?" "Tunaomba bei jamani." Zimejipanga kama foleni ya mwendokasi. Wengine wanaona utani, ila ile ni hela ya watu iliyosimama mlangoni na hakuna wa kuipokea. Na anayeumia sio staa peke yake. Binti anayeshika simu ya duka analipwa kwa kila wigi linalotoka. Lisipotoka, kimoyo chekundu hakilipi kodi ya chumba.

Tatizo la mastaa wengi ni kudhani maneno ya kwenye kitufe kazi yake ni kupendeza. Hapana. Kazi yake ni kumwambia mtu akibonyeza kinatokea nini. "Angalia bei na rangi." "Agiza kwa WhatsApp." "Chagua siku ya kusukwa." Mteja hajaja kutafuta familia, anayo kwao.

Wanaoficha bei wana sababu zao, na haki yao wapewe. Jirani akiona bei yako, kesho anashusha buku tano. Mzigo nao unapanda na dola. Sawa, lakini kuandika "kuanzia 180,000" kunamzuia nani? Mwenye hela anasogea, asiyenayo anapita bila kupoteza muda wa mtu. Bei ikiwa sirini, mteja anaanza kuwaza kwamba DM bei inapangwa kwa kuangalia profaili: mwenye picha za Dubai anatajiwa yake, wa Mbagala yake. Iwe kweli isiwe kweli, akishawaza hivyo umeshampoteza.

Sasa mtazame mama mmoja wa Tabata anayeoka keki. Wafuasi hawafiki hata elfu tatu, picha anapiga na simu juu ya meza ya kulia. Chini ya kila picha: "Kilo moja 35,000. Agiza kabla ya Alhamisi jioni, upate Jumamosi. Bonyeza linki kwenye bio, inafungua WhatsApp." Na kweli inafungua, ujumbe ukiwa umeshaandikwa: "Habari, nahitaji keki ya kilo moja." Mteja anabonyeza kutuma tu. Hata mwenye aibu ya kuanza maongezi hana kisingizio.

Hiyo linki haihitaji fundi. Inaanza na wa.me, mkwaju, halafu namba inayoanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. Wengi wanaweka 07 halafu wanashangaa inagoma. Wengine wanabandika linki kwenye maelezo ya posti ya Instagram, mahali ambapo haibonyezeki, au wanachora namba juu ya picha, mteja anaishika kichwani kama anakariri mtihani. Tangu 2023 Instagram inaruhusu linki hadi tano kwenye bio, basi mtu kazijaza zote tano: ya wigi, ya filamu, ya kaka yake. Mteja anasimama njia panda.

Halafu kuna yule mtangazaji wa manukato, sauti tamu kuliko bidhaa. "Zimebaki 3 tu, wahi!" Ameanza kusema tangu Ramadhani. Ni zile zile tatu. Siku zikibaki tatu za kweli, nani atamwamini?

Na hapo kwenye kuaminiana ndipo penye kazi, maana mjini hapa kila mtu ana stori ya kutuma hela kwa duka likaota mbawa. Ndiyo maana mama wa keki hajaishia kwenye "Agiza." Juu ya linki kaandika mambo mawili: unalipa nusu kwa Lipa Namba yenye jina la duka, nusu keki ikifika mlangoni. Mtu anajua hatua ya pili kabla hajapiga ya kwanza, na jina likitokea kwenye simu ni lile lile analolijua.

Hadi jana jioni kile kitufe cha pinki kilikuwa bado kipo. Komenti iliyopata laiki nyingi kuliko zote chini ya lile wigi ni ya mtu kaandika: "Dada, mi nimeshaingia kwenye familia. Sasa bei gani?"