Shoka lilihitaji kunolewa upya, si kupandishwa bei

Nakubali, Fiery War Axe, kadi ya mchezo wa kidijitali wa Hearthstone, ilizidi nguvu: kwa gharama ya mana 2 ulikuwa unapata shoka la makali 3, mapigo mawili. Lakini kuipandisha hadi mana 3 mwaka 2017 kuliilemaza, maana mchezaji wa Warrior alikuwa anaokolewa na zamu ile ya pili hasa, anapofikisha mana 2. Mbona kadi nyingine, Undertaker, mwaka 2015 watengenezaji hawakumgusa gharama? Walimwondolea nyongeza ya uhai tu, wakamwachia ya shambulio, akawa anauawa kirahisi. Shoka nalo wangelipunguza makali hadi 2, waongeze pigo moja. Angalau kadi za kidijitali zinarekebishika. Skullclamp, kadi ya mchezo wa Magic iliyozidi pia, kwa kuwa ilishachapwa kwenye karatasi, dawa yake mwaka 2004 ilikuwa kupigwa marufuku mashindanoni.